Pini Mdomoni

Bati lilishuka na upepo wa Agosti, pale Pasua,
likapita mbele ya sikio langu la kushoto
kama mkasi upitavyo kwenye satini: bila kelele.
Damu niliizuia kwa kitenge cha mteja.
Bado namdai. Hapana, yeye ndiye ananidai.

Kidonda kilifunga siku ya kumi na mbili.
Kulia nimebaki Kibo, nang'aa nikisalimiwa;
kushoto Mawenzi, mawe matupu,
na jicho lisilojua kulala, nalibandika plasta usiku.
Herufi za midomo zimenihama.
Mjukuu wangu Mbonea namwita "Onea",
naye huitika, kana kwamba ndilo jina.

Na pini. Miaka thelathini na moja
nimeshika pini mdomoni nikipima viuno vya Moshi.
Sasa zinadondoka sakafuni,
nazifuata kwa sumaku.

Daktari Eliaichi, kijana wa Machame,
alichora nyuma ya risiti yangu ya dawa.
"Mama, kwenu kuna mfongo?"
Upo, nikasema, wa babu, unatoka msituni
hadi kwenye migomba ya Kibosho.
"Basi mshipa wako wa fahamu ni mfongo uliokatika.
Kingo nimezishona. Hofu yangu si mfereji.
Hofu yangu ni chemchemi."
Akatia nukta chini ya ubongo: niuroni,
ile itumayo neno "cheka" hadi shavuni.
"Mfereji ukikatika, chemchemi husikia.
Nyingine hujifia tu, kwa kukosa habari."

Nani anailinda?
Akagusa shingo yangu, pale tezi huvimba mtoto akiugua koo.
Huku, alisema, baragumu limeshapigwa;
seli nyeupe zimejifunza harufu ya ajali
na zimetoka, msaragambo mzima.
Nilidhani askari hao wanajua kuua tu.
Kumbe wapo wabebao kifusi,
na wapo wanaokwenda kukaa kando ya chemchemi
wakiiambia: subiri, usife, wenzako wanachimba.

Na homoni, akaongeza.
Nilicheka nusu, ndicho kicheko nilicho nacho.
Daktari, nina hamsini na tatu.
Hizo zilinipa mgongo mwaka juzi, pamoja na hedhi.
Hakucheka. Zimepungua, alisema, hazijahama;
tone hutoka tezi za juu ya figo, tone kwenye mafuta ya nyonga,
na likipita, chipukizi la mshipa hukaza mwendo.
Kisha akashusha sauti: mengi ya haya yameonekana kwa panya,
na wewe si panya, sikuahidi.
Nilimpenda kwa hilo.

"Kasi yake?"
"Milimita moja kwa siku. Ikijaliwa."

Fundi haambiwi kipimo akakaa kimya.
Nyumbani nilitoa futi ya kushonea,
toka sikio hadi pembe ya mdomo: sentimita kumi na moja.
Kila Jumamosi, nikitoka soko la Mbuyuni,
nikachora mstari wa chaki ubavuni mwa kabati.

Wateja huongea na mimi wakiitazama cherehani.
Mchungaji aliniombea muujiza. Nikajibu amina,
ile m ikaniponyoka, ikatoka "aina".
Sikumwambia kwamba kazi imeshaanza bila yeye,
gizani, kwa jembe, na haina haraka.

Siku ya tisini na nane shavu liliwasha.
Siku ya mia na kumi na tisa Mbonea akasema,
"Bibi, mdomo umeruka,
kama maji yakiguswa na panzi."
Sikuamini. Nikachukua pini, ile ya kichwa chekundu,
nikaiweka kushoto.

Nilihesabu moyoni.
Ilifika nane.
Ikaanguka.

Tukaitafuta chini ya meza kwa tochi ya simu, mimi na yeye,
muda mrefu kuliko pini inavyostahili.